Kinachomtoa Mtu Uvunguni

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mjini Wajir, kaskazini mwa Kenya, risasi zililia usiku na mama mmoja kijana akamvuta mwanawe, wakajibanza chini ya kitanda. Kulipokucha alikwenda kwa mama yake kumsimulia. Mama yake akamwambia kwamba hata yeye, katika miaka ya 1960, jeshi la Kenya lilipokuwa likipigana na wale walioitwa mashifta, alilala uvunguni akiwa amemkumbatia mtoto mchanga. Mtoto huyo ndiye huyu aliyekuja leo na habari zake.

Huyo alikuwa Dekha Ibrahim Abdi, aliyezaliwa mwaka 1964. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Right Livelihood, ile ambayo watu huiita Nobel mbadala, kwa kazi yake ya kupatanisha koo zilizokuwa zikiuana. Julai 2011 alifariki kutokana na ajali ya gari. Alipoulizwa nini kilimwingiza katika kazi hiyo, kisa cha kitanda hakikukosekana: vizazi viwili vimelala uvunguni, na cha tatu kimeshaanza kufundishwa njia.

Ni kisa kizuri, na uzuri wake unatupotosha. Usiku ule karibu mji mzima ulikuwa uvunguni. Waajuran, Wadegodia, Waogaden, kila ukoo ulikuwa na akina mama waliowaziba watoto midomo wasilie. Kulipokucha wengi walitoka, wakawasha moto wa chai, wakaendelea na maisha. Vijana kadhaa walitoka wakaenda kutafuta bunduki, nazo zilikuwa zimetapakaa mpakani tangu serikali ya Siad Barre ianguke Somalia mwaka 1991. Na wachache, wachache sana, walitoka wakaenda kubisha hodi kwa ukoo mwingine. Hofu ilikuwa ile ile. Tukisema mtu alisimama kupinga dhuluma kwa sababu dhuluma ilimfika, bado hatujaeleza kwa nini yeye na si jirani yake.

Hata hivyo maelezo ya uchungu ndiyo tunayoyapenda. Yamo katika kila wasifu unaosomwa mazishini na katika kila hotuba ya kupokea tuzo: alizaliwa katika shida, akaona unyonge, akaapa. Lakini kama uchungu peke yake ungetosha kuzaa watetezi wa haki, Wajir ingekuwa kitalu chao. Sheria za hali ya hatari ziliwekwa kaskazini mwaka 1963 na kuondolewa 1991. Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na vikosi vya serikali katika uwanja wa ndege wa Wagalla, wakavuliwa nguo, wakashindishwa juani siku kadhaa bila maji, na wengi wakauawa. Serikali ilianza kwa kukubali vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, miaka karibu thelathini baadaye, ilitaja takriban 1,000. Wenyeji wengi wanasema ni zaidi ya hapo. Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu hapo Wajir, aliokota majeruhi na maiti porini na kusaidia habari zitoke nje, na baadaye akafukuzwa nchini. Na je, uchungu ule ulizaa nini kwanza? Kimya. Kisha, risasi zilipopatikana kwa urahisi, ukazaa visasi. Watetezi walikuja mwishoni, nao hawakujaza ukumbi.

Kuna utafiti mmoja ambao kila anayeandika juu ya jambo hili angepaswa kuusoma kabla ya kugusa kalamu, nao unahusu upande wa pili kabisa. Scott Straus, Mmarekani, alikwenda katika magereza ya Rwanda akahoji watu 210 waliokuwa wamekiri kushiriki katika mauaji ya kimbari ya 1994. Kitabu chake kilitoka mwaka 2006. Mtu angetarajia akutane na chuki iliyokomaa kwa miaka. Wengi walimweleza kwamba kabla ya Aprili mwaka ule waliishi vizuri na majirani zao Watutsi, na wapo waliokuwa wameoana nao. Walichokitaja kama sababu ni hofu ya vita baada ya ndege ya Rais Habyarimana kutunguliwa, na wanaume wenzao waliopita nyumba kwa nyumba wakiwaita. Aliyekataa alitiliwa shaka, akatozwa faini, akapigwa, au akaogopa kwamba yatamfika. Waliitwa, wakatoka.

Weka hilo kando ya utafiti mwingine. Mwaka 1964 vijana wapatao 1,000 wa vyuo vya Marekani, wengi wao weupe, waliomba kwenda jimbo la Mississippi kuwasaidia watu weusi kujiandikisha kupiga kura. Kila mmoja alijaza fomu akieleza kwa nini anataka kwenda. Zaidi ya 700 walikwenda na zaidi ya 200 waliokubaliwa wakabaki nyumbani. Miaka mingi baadaye mwanasosholojia Doug McAdam alizikuta fomu zile kwenye nyaraka, akazisoma moja moja kutafuta tofauti. Waliobaki waliandika kwa moto ule ule. Waliipenda haki vile vile na waliuchukia ubaguzi vile vile. Tofauti kubwa ilikuwa katika watu wanaowafahamu: waliokwenda walikuwa na marafiki ambao nao wanakwenda, walishakuwa wanachama wa vikundi, walishawahi kuandamana hata mara moja. Juni 21, siku za mwanzo kabisa za mradi ule, vijana watatu waliuawa Mississippi na wazazi kote nchini wakaanza kupiga simu. Wakati kama huo imani ya mtu moyoni haina mkono wa kumshika. Mwenzake aliyekwishafunga begi anao.

Jambo hili linanisumbua, na sioni haya kusema hivyo. Kwa sehemu kubwa kinachomtoa mtu kwenda kuokoa ndicho kinachomtoa kwenda kuua: ameitwa na anayemjua. Vijana wa Mississippi na wanaume wa vilima vya Rwanda wanatofautiana kama mbingu na ardhi katika walichokifanya. Ila mlango waliotokea unafanana mno, na yeyote anayetaka watu wapinge mgawanyiko wa taifa kwa kuwahubiria upendo wa nchi peke yake angekaa kidogo na jambo hilo.

Turudi Wajir, kwa sababu pale mlango huo unaonekana vizuri. Kazi ya amani haikuanza na azimio. Ilianza na mazungumzo ya wanawake waliokutana harusini mwaka 1992, wakalinganisha habari za nani amekufa na nani hawezi tena kupita mtaa gani. Halafu wakaenda sokoni. Sokoni pale mama wa ukoo mmoja alikuwa hauzi maziwa kwa mama wa ukoo mwingine, na mwenye kutoka upande dhaifu hakuweza hata kutandika gunia lake akakaa. Wanawake hao, wa koo tofauti, walianza kukaa sokoni kama wasimamizi ili kila mtu auze na kununua kwa yeyote. Ukiuliza nia yao ilikuwa nini, jibu la kwanza ni maziwa. Maziwa yasiponunuliwa yanachacha, na mtoto hali. Kutoka hapo walikwenda kwa wazee, wazee wakaketi na kutoa tamko mwaka 1993, vijana wakavutwa, na mwaka 1995 kukawa na kamati ya amani inayokaa meza moja na mkuu wa wilaya na maafisa wa usalama. Baadaye serikali iliueneza mfano huo katika wilaya nyingine.

Mwaka huo huo wa 1992 jijini Nairobi kulikuwa na kundi jingine la akina mama ambao nia yao ilikuwa ndogo zaidi, kama tutaipima kwa maneno ya wanasiasa. Walitaka watoto wao. Walikuwa mama za wafungwa wa kisiasa, wengi wao wazee wa vijijini, akiwemo Monica Wangu Wamwere, mama yake Koigi wa Wamwere, mmoja wa wafungwa hao. Walimwendea Wangari Maathai, ambaye kwa hesabu ya kawaida alikuwa na kazi yake ya miti tangu mwaka 1977 na ugomvi wake na serikali juu ya jengo la ghorofa 60 lililotaka kuimeza Uhuru Park. Walimwomba, akaenda nao. Mwisho wa Februari walikaa katika kona ya bustani hiyo ambayo hadi leo inaitwa Freedom Corner, wakagoma kula. Machi 3 askari waliwashambulia kwa marungu na gesi ya machozi, Maathai akapigwa hadi akazirai, na baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele ya askari, laana ambayo hakuna kijana wa Kiafrika anayehitaji kutafsiriwa. Walihamia katika kanisa la All Saints, wakabaki hapo hadi mwanzoni mwa 1993, wafungwa karibu wote walipokuwa wameachiliwa.

Ninachokitazama ni kilichotokea katikati. Mama aliyekuja kwa ajili ya mwanawe alijikuta amekaa usiku kucha na mama wa kabila jingine aliyekuja kwa ajili ya wake. Wapo ambao watoto wao walitoka mapema na wao wakaendelea kurudi pale. Nia iliyowaleta ilikuwa imekwisha kazi yake, na nyingine ilikuwa imeota mahali pale pale. Maathai mwenyewe katika mwaka huo na uliofuata alikuwa akienda Bonde la Ufa, ambako mapigano ya kikabila yalikuwa yakichochewa, akiwapelekea watu wa pande zote mbili miche ya kupanda pamoja. Amesimulia katika kitabu cha maisha yake jinsi mti wa mugumo karibu na kwao Ihithe ulivyokatwa na kijito alichochezea utotoni kikakauka. Hicho ndicho kisa chake cha kitanda. Lakini kati ya mugumo na Freedom Corner kuna wazee waliobisha hodi.

Kuitwa peke yake hakutoshi, maana kama tulivyoona hata wauaji waliitwa. Inabaki kuuliza nani anaweza kuitwa na pande mbili. Wanawake wa Kisomali huolewa nje ya ukoo wao mara nyingi, hivyo mwanamke wa Wajir wakati wa mapigano alikuwa na kaka zake upande mmoja na watoto wake upande mwingine. Wanasiasa wa koo walipohesabu ushindi, yeye alihesabu maiti kutoka pande zote kama za kwake. Hakuhitaji semina ya umoja wa kitaifa. Umoja wa kitaifa ulikuwa tumboni mwake na mgongoni mwake.

Marguerite Barankitse wa Ruyigi, mashariki mwa Burundi, ni Mtutsi. Kabla ya vita alikuwa ameshachukua watoto saba awalee, Wahutu na Watutsi. Oktoba 24, 1993, siku tatu baada ya Rais Ndadaye kuuawa, Watutsi wenye silaha waliingia katika makazi ya askofu alikokuwa amewaficha Wahutu, wakamfunga kwenye kiti, wakaua watu 72 mbele ya macho yake. Aliwanunua kwa fedha watoto 25. Kutoka kwao ilizaliwa Maison Shalom, iliyolea maelfu ya watoto, na mwaka 2015 naye akalazimika kukimbia nchi. Watu humuuliza alipata wapi ujasiri siku ile. Nadhani siku ile haikuwa mwanzo. Alipowachukua watoto saba wa makabila mawili chini ya paa moja alikuwa ameshajiondolea nafasi ya kuchagua upande, na mauaji yalipofika yalimkuta hana upande wa kurudi.

Aprili 30, 1997, katika seminari ndogo ya Buta, kusini mwa Burundi, wanafunzi waliamriwa na waasi Wahutu wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Walikataa, wakauawa vijana 40. Wiki sita kabla ya hapo, huko Nyange magharibi mwa Rwanda, amri kama hiyo ilitolewa darasani na wanafunzi wakajibu kwamba wao ni Wanyarwanda, na sita wakauawa. Matukio haya husimuliwa kama miujiza. Buta haikuwa muujiza. Mkuu wa seminari ile, Padri Zacharie Bukuru, alikuwa ametumia miaka ya vita kuwakalisha vijana wazungumze waziwazi juu ya ukabila, ugomvi wa nyumbani kwao, na ndugu waliouawa na ndugu za wenzao. Ilikuwa kazi ya kuchosha ya kila wiki, na aliyepita nje ya dirisha angedhani wanapoteza muda wa masomo.

Kuna nia nyingine ambayo hatuitaji mara nyingi kwa sababu haina machozi: mtu anajua, kwa sababu ya kazi yake, kitu kinachofuata. Baada ya matokeo ya uchaguzi wa Kenya kutangazwa Desemba 30, 2007 na nchi kuwaka, watu wachache walianza kukutana katika hoteli ya Serena, Nairobi, wakijiita raia wanaojali amani. Kati yao walikuwa majenerali wastaafu Daniel Opande na Lazaro Sumbeiywo. Opande alikuwa ameongoza walinda amani Sierra Leone na Liberia. Sumbeiywo ndiye msuluhishi wa makubaliano ya Sudan ya 2005. Wakenya wengi wiki ile waliamini kwamba yanayotokea nchi nyingine hayawezi kutokea kwao. Wazee hawa walikuwa wametoka huko. Kwenye meza hiyo alikaa pia Dekha, na alikaa Balozi Bethuel Kiplagat.

Hapo ndipo jambo zima linapokuwa gumu, na ndipo ningependa msomaji akae nami kidogo.

Kiplagat alikuwa mpatanishi wa kweli. Alihangaika miaka na pande za vita vya Msumbiji, akahangaika na mazungumzo ya Somalia, na Januari 2008 alikuwa miongoni mwa waliosukuma hadi Kofi Annan akapata mahali pa kuanzia. Mkataba ulitiwa saini Februari 28, watu zaidi ya 1,100 wakiwa wamekufa na zaidi ya 600,000 wamehamishwa makwao. Mwaka uliofuata aliteuliwa kuwa mwenyekiti wa Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano. Manusura wa Wagalla wakapinga. Mwaka 1984 Kiplagat alikuwa katibu mkuu serikalini, na kumbukumbu zilionyesha kwamba siku mbili kabla ya operesheni ya Wagalla alikuwa Wajir katika mkutano wa maafisa wa kamati ya ujasusi. Yeye alikana kuhusika, akasema mkutano ule haukupanga jambo hilo. Alikaa pembeni, akarudi, na Tume ikazeeka kabla ya kazi kwisha. Ripoti ilikabidhiwa Rais Uhuru Kenyatta Mei 2013 na Bunge halikuwahi kuipitisha.

Tunazoea kuyataja mapambano dhidi ya dhuluma na mapambano dhidi ya mgawanyiko kwa pumzi moja, kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Mara nyingi ni mahasimu. Mwenye nia ya kuunganisha hutaka watu waketi, na ili waketi kuna mambo huyaacha nje ya mlango. Mwenye nia ya haki hutaka yale yale yaliyoachwa nje yaletwe kwanza. Wa kwanza humwona wa pili kuwa mchochezi, na wa pili humwona wa kwanza kuwa mfunika kombe. Katika uchaguzi wa 2013 Kenya nzima iliimbishwa amani, redioni, makanisani na kwenye mabango, mpaka kuuliza swali juu ya hesabu ya kura kukaonekana ni kutaka damu. Waliouimba wimbo ule wengi walikuwa wakweli, maana walikumbuka kanisa la Kiambaa, Eldoret, lililochomwa Januari 1, 2008 likiwa na watu ndani. Woga wa kurudi kule ulikuwa nia safi kabisa. Ulitumika kuwanyamazisha waliokuwa na nia nyingine iliyo safi vile vile.

Upande wa pili nao una hesabu zake. Padri John Kaiser, Mmarekani aliyefanya kazi Kenya kwa zaidi ya miaka thelathini, aliwaona waliofukuzwa Enoosupukia mwaka 1993 wakirundikwa katika kambi ya Maela, kisha kambi yenyewe ikavunjwa usiku. Baada ya hapo hakukubali tena lugha ya maridhiano isiyotaja majina. Alitaja majina ya wakubwa mbele ya tume ya serikali, na Agosti 2000 alikutwa amekufa kando ya barabara karibu na Naivasha, ana jeraha la risasi. Watu wa aina yake ni wagumu kuishi nao. Hawapatanishi mtu. Bila wao wapatanishi wangekuwa wanapatanisha watu na kivuli.

Zanzibar ilijaribu njia ya tatu. Januari 2001 polisi waliua waandamanaji, wengi wao Pemba, na Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi, ikatoa wa kwake: watu walivuka kwa majahazi hadi Shimoni, Kenya. Miafaka ya 1999 na 2001 ilikuwa imesainiwa na vyama, na ikafia mikononi mwa vyama. Novemba 5, 2009 Rais wa Zanzibar, Amani Karume, na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, walikutana Ikulu bila msuluhishi wa nje, na kamati ya watu sita, watatu kila upande, ikapewa kazi. Mwenyekiti wake alikuwa Mzee Hassan Nassor Moyo, mmoja wa mawaziri wa serikali ya kwanza baada ya Mapinduzi ya 1964. Julai 31, 2010 Wazanzibari asilimia 66.4 walikubali kwa kura ya maoni serikali ya umoja wa kitaifa, na uchaguzi wa mwaka ule ukapita kwa utulivu ambao visiwa vilikuwa havijauona tangu vyama vingi virudi.

Mzee Moyo alikuwa na nia gani? Cheo hakukihitaji, umri ulikuwa umekwenda, na hakuna aliyeweza kumwambia kwamba hayajui Mapinduzi. Nadhani jibu ni hilo la mwisho. Mtu aliyeyajenga mambo anaweza kuyakosoa kwa uhuru ambao aliyeyarithi hana, na anaweza pia kuona haya juu ya yalivyogeuka. Haya ni nia yenye nguvu kuliko tunavyoikubali. Chama chake kilimfukuza uanachama mwaka 2015, na Oktoba mwaka huo huo matokeo ya uchaguzi wa Zanzibar yakafutwa.

Tusijifanye hatuioni posho. Kila aliyewahi kuketi katika semina ya amani hotelini anaijua foleni inayojipanga saa kumi jioni kusaini karatasi ya nauli. Wanaharakati wetu wanasemwa kwamba wanakula fedha za wafadhili, na wapo wanaokula. Wapo waliopanda mgongo wa mapambano hadi kwenye kiti cha serikali. Baada ya ushindi wa NARC, muungano wa upinzani, mwaka 2002 mashirika ya kiraia ya Kenya yalibaki kama nyumba iliyohamwa. Lakini lawama hii mara nyingi hutolewa na watu wanaolipwa vizuri zaidi kwa kutofanya lolote. Mshahara si dhambi. Mama wa Wajir alitaka kuuza maziwa, na hakuna aliyemwambia nia yake ni chafu. Ubaya wa fedha za mfadhili uko kwingine: mwenye fedha ndiye huamua dhuluma ya mwaka huu inaitwaje, na anayeishi kwa fedha hizo hujifunza kuumwa na ugonjwa wenye dawa sokoni. Mradi ukifungwa, nia nayo hufungwa kwenye kabati pamoja na mihuri.

Dini nitaipitia kwa ufupi, ingawa wengi wa niliowataja wangeitanguliza. Dekha aliichota lugha yake ya amani katika Kurani, Kaiser na Barankitse ni Wakatoliki, na Denis Mukwege, daktari wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ni mwana wa mchungaji wa Kipentekoste. Dini ile ile ilikuwapo Rwanda mwaka 1994, na watu waliuawa ndani ya makanisa kwa mikono ya waumini. Mapema 2008 Baraza la Makanisa la Kenya lilikiri hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wamegawanyika kikabila. Dini humpa mtu maneno ya kumsaidia kuvumilia na jamaa wa kumwita. Anaitwa kwenda wapi, hilo hutegemea jamaa ni akina nani.

Mukwege anatuleta kwenye swali ambalo naliona kubwa kuliko la mwanzo. Kuingia ni kitu kimoja, kubaki ni kingine. Alipokuwa mtoto wa miaka minane Bukavu alifuatana na baba yake kumwombea mtoto mgonjwa, akaona baba anaomba lakini hana dawa, akaamua atakuwa yule wa dawa. Alisomea udaktari wa wanawake kwa sababu ya vifo vya uzazi. Mwaka 1996 hospitali yake ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa na wafanyakazi wakauawa vitandani. Mwaka 1999 alifungua hospitali ya Panzi, Bukavu, akitaka kuwazalisha akina mama, na mgonjwa wa kwanza akawa mwanamke aliyebakwa na kupigwa risasi. Kazi aliyoichagua ilichukuliwa na kazi iliyomkuta. Oktoba 2012 watu wenye silaha waliingia nyumbani kwake kumuua, akakimbia na familia yake ng'ambo. Nani angemlaumu kama angebaki huko? Wanawake wa Kivu, wenye kipato kisichofika popote, waliuza mananasi na vitunguu wakachanga nauli ya kumrudisha. Januari 2013 alitua uwanja wa ndege wa Kavumu, na wao wamejipanga barabarani hadi Bukavu. Tuzo ya Nobel ilikuja miaka mitano baadaye. Sidhani ndiyo iliyomweka.

Juni 2024 vijana wa Kenya waliingia barabarani kuupinga muswada wa fedha, ambao mwanzoni ulitaka kutoza mkate kodi ya asilimia 16, na Juni 25 wakaingia hadi Bungeni. Walisema hawana kabila, hawana chama, hawana kiongozi. Wazee wa siasa walitafuta nani amewatuma, maana hawakujua namna nyingine ya mtu kutoka nyumbani. Waliitana wenyewe kwa simu, na usipofika wenzako wataona. Muswada uliondolewa, makumi ya vijana wakiwa wameuawa.

Mkate ulirahisisha mambo, kwa sababu Mkikuyu, Mjaluo na Mkalenjin wote wanaununua kwa bei moja. Ardhi ya Molo na Burnt Forest, katika Bonde la Ufa, haina bei moja. Pale kuna mwenye hati na mwenye kaburi la babu, na kila kura ya 1992, 1997 na 2007 ilipita juu ya makovu hayo. Uchaguzi wa Agosti 2027 ukikaribia, vijana wale wale wataanza kupigiwa simu na wajomba, na wabunge watapita nyumba kwa nyumba wakiwaita kwa jina la ukoo. Wengi wataenda wanakoitwa. Watakaokataa watakuwa wale ambao tangu Juni ile wamekuwa wakiongea na mtu wa upande wa pili wa bonde, wanaijua namba yake, na wana hakika kwamba usiku wa matokeo atapokea.